Kocha Achekeshe, Mtoto Akimbie

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika tamthilia ya vichekesho ya televisheni, kila sehemu dakika 22. Katika sehemu ya tano, Bwana Sudi, mhusika wetu mkuu mwenye miaka hamsini na kitu, ambaye kila siku hujisifu kwamba zamani alikuwa mkimbiaji, anajitolea kumfundisha Rehema, binti wa jirani wa miaka 13, mbio za mita 400 kabla ya mashindano ya shule. Rasimu imegoma. Wenzangu wakiisoma wanacheka mwanzoni, lakini kuanzia katikati wanasema imekuwa mahubiri. Tena sijui mwishoni Rehema ashinde au ashindwe. Na mtayarishaji ananiambia hatuna pesa za kupiga picha mbio nzima uwanjani. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Muhtasari ulioambatanisha nimeusoma wote, pamoja na mazungumzo ya maonyesho mawili ya kwanza, na nakwambia mapema kwamba kazi yako ina uhai. Bwana Sudi anachekesha. Pale anapoitoa sandukuni kaptura yake ya ujana, ikagoma kupita mapajani, mtu hacheki kwa sababu ya unene wake. Anacheka kwa sababu Sudi anailaumu kaptura kwamba imesinyaa. Hapo umeshampata. Shida yako iko kwa Rehema.

Tazama onyesho la pili. Rehema anaingia, anasema, "Mjomba, nataka kuwa bingwa," na tangu hapo hana kingine anachokitaka. Anaitikia. Anaanguka, anainuka. Anauliza swali ili Sudi apate pa kujibia. Mhusika wa kuuliza ili mwenzake ajibu huwa hana kazi nyingine ila kusikiliza, na palipo na msikilizaji wa namna hiyo mahubiri yatakuja tu, utake usitake. Ndiyo maana kicheko kinakatika. Mwanzoni tulikuwa tunacheka ubishi wa Sudi na umri wake, lakini Rehema akishaingia ubishi umekwisha, amebaki mzee anayesema na mtoto anayetikisa kichwa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote nitakayokwambia yanatoka humo. Mpe Rehema haja yake mwenyewe, ndogo, inayopimika, na isiwe ile ambayo Sudi anamtakia. Kisha Sudi asiisikie mpaka dakika za mwisho.

"Bingwa" ni neno la kwenye mabango. Mtoto wa miaka 13 hutaka kitu kilicho karibu na mkono wake. Jaribu hivi: mwalimu wa michezo wa shule yao ametangaza kwamba msichana atakayekimbia mita 400 chini ya sekunde 70 ataingia timu ya kupokezana vijiti, na shoga yake Rehema yumo tayari. Basi, Rehema anataka sekunde 69 na ushee. Medali haimhusu. Hata akiwa wa mwisho, ilimradi saa iseme 69, atalala usingizi mzuri. Anamwambia Sudi jambo hilo siku ya kwanza, waziwazi, kwa sentensi moja, na Sudi hasikii kwa sababu wakati huo anasimulia habari za ujana wake.

Namba hiyo sikuitoa hewani. Rekodi ya dunia ya wanawake katika mita 400 ni sekunde 47.60, aliyoiweka Marita Koch wa Ujerumani Mashariki huko Canberra mwaka 1985, na mpaka leo inasimama. Kwa msichana wa miaka 13 asiye na mazoezi ya muda mrefu, 70 ni mstari unaodai jasho lakini unavukika. Mtazamaji asiyejua riadha ataielewa namba hiyo mara moja ukiitaja mapema, na anayeijua ataona kwamba mwandishi hakubahatisha. Ukiandika kwamba mtoto huyu amekimbia sekunde 52, wanariadha wote wanaotazama watazima televisheni.

Ukiangalia maisha ya wanariadha wenyewe, utaona kwamba watoto huwaendea walezi wao kwa sababu zao wenyewe, na mara nyingi sababu hizo ni ndogo. Mwaka 1954, huko Louisville, mvulana wa miaka 12 aliibiwa baiskeli, akamwendea polisi mmoja, Joe Martin, akilia kwa hasira na kuapa kwamba atampiga mwizi. Martin, ambaye pia alikuwa akifundisha ndondi, alimwambia ajifunze kwanza kupigana. Mvulana yule ndiye aliyekuja kuitwa Muhammad Ali. Hakuna aliyekuwa akizungumzia ubingwa wa dunia siku ile; palikuwa na baiskeli tu. Na Eliud Kipchoge, akiwa kijana asiyejulikana, alimfuata mwenyewe Patrick Sang, aliyekuwa ameshapata medali ya fedha ya Olimpiki ya 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji, akamwomba ratiba ya mazoezi. Sang akampa ya wiki mbili. Kijana akaenda akaifanya, wiki mbili zilipokwisha akarudi kuomba nyingine. Angalia nani anayekuja na nani anayengojwa. Katika rasimu yako Sudi ndiye anayebisha hodi kwa akina Rehema alfajiri na kumtoa kitandani. Mara ya kwanza ni kichekesho kizuri, kibakishe. Lakini ifikapo siku ya tatu, Rehema awe ndiye anayebisha hodi, na Sudi ndiye anayevuta shuka.

Sasa Sudi. Yeye anataka nini? Umeandika kwamba "anataka kumsaidia binti." Hapana. Akitaka kusaidia tu hana kichekesho. Komedi ya mlezi inaishi katika kile anachokitafuta kwa ajili yake mwenyewe huku akidhani anakitafuta kwa ajili ya mtoto. Pengine unamkumbuka Al Bundy wa *Married... with Children*, muuza viatu ambaye kwa miaka kumi na zaidi ya tamthilia ile hakuacha kuwakumbusha watu kwamba shuleni aliwahi kufunga mara nne katika mechi moja ya futiboli ya Kimarekani. Kila alipoisema tulicheka, na kila mara tuliona pengo lilipo. Sudi wako ana pengo la aina hiyo, ila umelificha mno. Mimi ningeliweka wazi kwa mke wake peke yake: Sudi hakuwahi kukimbia fainali yoyote. Alikuwa mchezaji wa akiba katika timu ya vijiti, alikaa kwenye benchi amevaa namba kifuani, na mbio zikaisha bila mtu kuumia. Hadithi zote anazomsimulia Rehema ni za mbio alizozitazama. Mke anajua, hajawahi kumwumbua, na sehemu nzima anamtazama tu kila anapoanza "enzi zangu". Mwigizaji mzuri wa kike atakupa vicheko kumi kwa macho hayo bila wewe kuandika neno.

Faida ya pili ya siri hiyo ni kwamba ushauri wa Sudi utakuwa mbovu kwa sababu inayoeleweka. Mita 400 ni mbio zenye hila. Mwili hauwezi kuzikimbia kwa kasi kamili mwanzo hadi mwisho. Mita mia za mwisho kila mtu anapungua, na mara nyingi anayeshinda ni yule aliyepungua kidogo kuliko wenzake. Asiyejua hutoka kama anafukuzwa, mita 200 za kwanza anaonekana malaika, kisha kwenye kona ya mwisho miguu inakuwa mizito na mabega yanapanda mpaka masikioni. Sudi, ambaye mbio anazozijua ni za kutazama, alivutiwa na nini siku ile benchini? Na waliotoka kwa kishindo. Kwa hiyo anamwambia Rehema, "Toka kama umeme, mengine yatajijibu." Rehema anajaribu, anafia kwenye kona. Jaribio la pili, vilevile. La tatu, Rehema hamwambii kitu. Anatoka taratibu kidogo kuliko alivyoagizwa, na saa inashuka. Sudi anapiga kofi: "Umeona? Kama umeme!" Hapo mtazamaji ameshajua kwamba mtoto ameanza kujifundisha mwenyewe, na hukuandika sentensi hata moja ya mafunzo.

Katika onyesho hilo Rehema hachekwi. Hili nalisisitiza kwa sababu katika rasimu yako kuna vichekesho viwili vinavyonisumbua: kile cha miguu yake myembamba, na kile cha kuanguka kwake mbele ya wavulana. Viondoe. Mtoto wa umri ule, aliye kwenye skrini na aliye sebuleni anatazama, mwili wake unabadilika kila mwezi bila ruhusa yake, na kicheko cha umati juu ya mwili huo kinaumiza kweli. Kukosea akosee, ila makosa yawe ya woga wake mwenyewe na yeye ndiye ayarekebishe. Usain Bolt amesimulia kwamba katika mashindano ya dunia ya vijana yaliyofanyika Kingston mwaka 2002, akiwa na miaka 15, mbele ya watu wa nyumbani kwao, alitetemeka hata akavaa viatu vya mbio kinyume, cha kulia mguu wa kushoto. Akagundua, akavigeuza, akakimbia mita 200, akashinda. Kosa la namna hiyo linamfanya mtazamaji ampende mtoto. Wewe tafuta la kwako, usichukue la Bolt.

Jambo jingine ambalo rasimu imelipita haraka, nami siwezi kulipita. Katika onyesho la nne Sudi anamwamuru Rehema aache mpira wa kikapu ili "ajikite", na tamthilia inaonekana kukubaliana naye. Usikubaliane naye. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, walitoa mwongozo mwaka 2016 wakishauri kwamba mtoto acheze michezo tofauti na asijifunge kwenye mmoja mpaka afikie kama miaka 15 au 16, tena kila wiki apate siku moja au mbili za kupumzika na mchezo wake. Sababu zao ni majeraha ya kurudiarudia na kuchoshwa na mchezo mpaka mtoto anauacha kabisa. Katika umri wa Rehema mifupa inarefuka haraka kuliko misuli inavyozoea, na maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti ni jambo la kawaida kwa watoto wanaokimbia na kuruka sana. Sudi akimwambia "maumivu ni udhaifu unaotoka mwilini," na mtoto aliyepo sebuleni akamwamini, hapo tamthilia yako imefanya madhara. Kama unautaka msemo huo kinywani mwake, na unamfaa kweli, basi mama Rehema awe amesimama nyuma yake.

Na huyo mama ndiye ninayemtaka zaidi. Kwenye kurasa zako mazoezi yote ni Sudi na binti peke yao uwanjani alfajiri. Najua hukukusudia lolote. Lakini siku hizi vyama vya michezo vinafundisha makocha wao wasikae faragha na mtoto, na mtazamaji mzazi atalihisi hilo kabla hujamchekesha. Mweke mama pale kwenye benchi na chupa ya maji na kazi yake ya kushona. Utakuwa umetenda haki, na utakuwa umepata shahidi. Komedi inamhitaji shahidi. Sudi akiongopa mbele ya mtoto asiyejua, tunapata taarifa. Akiongopa mbele ya mtu mzima anayenyanyua macho kutoka kwenye sindano, tunapata kicheko.

Kuhusu mahubiri. Waandishi wa *Seinfeld*, tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani, walikuwa na kanuni maarufu, inayohusishwa na Larry David, mmoja wa waanzilishi wake, ya kwamba katika tamthilia yao hakuna kukumbatiana wala kujifunza. Sikwambii uifuate, tamthilia yako ina moyo mlaini kuliko ile, na hilo ni jambo jema. Lakini ichukue kama kipimo siku ya kusahihisha. Pitia kila kauli ya Sudi kuanzia ukurasa wa 12, na kila inayoweza kuchapwa kwenye fulana, ikate. Kwenye rasimu uliyonitumia nitakutajia moja tu: "Ushindi wa kweli ni kujishinda mwenyewe." Sudi hawezi kuisema hiyo kwa dhati, maana hajaamini. Akiisema, aiseme mapema, kwa makeke, wakati hana habari na linalomhusu mtoto, ili ibaki kuwa mojawapo ya kelele zake.

Badala ya kauli, tumia umbo. Nakupa hila moja ambayo sijaona ikishindwa. Katika sehemu nzima, Sudi asimwulize Rehema swali hata moja. Namaanisha swali la kweli, linalongoja jibu. Anatoa amri, anasimulia, anasifu, anakemea, anajiuliza na kujijibu. Pitia muswada uhesabu alama zake za kuuliza, na ukikuta moja inayongoja jibu igeuze iwe amri. Mtazamaji hataligundua kwa akili, lakini sikio lake litachoka na sauti isiyouliza. Kisha mwishoni, baada ya mbio, Sudi aulize swali moja. Hilo ndilo litakuwa badiliko lake, na hutahitaji muziki.

Hapa tunafika kwenye swali lako la ashinde au asishinde. Ukiipanga kama nilivyosema, swali lenyewe linabadilika, kwa sababu wahusika wawili wanakimbia mbio mbili tofauti. Rehema awe wa nne. Kwa Sudi huo ni msiba. Kwa Rehema bado haijulikani, mpaka aijue saa. Na saa anayo nani? Sudi, aliyetamba nayo shingoni tangu onyesho la kwanza. Ningeliandika hivi:

REHEMA (anahema, mikono kiunoni): Ngapi?

SUDI: Umeona ulivyomsogelea yule wa tatu? Hatua mbili! Ningekuwa mimi pale...

REHEMA: Mjomba. Ngapi?

(Sudi anaitazama stopwochi. Bado inahesabu. Imefika dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Hamsini na tatu.)

REHEMA: Hukubonyeza.

SUDI: Nilibonyeza mwanzoni.

(Rehema anamtazama. Anageuka, anakwenda peke yake hadi kwenye meza ya waamuzi. Sudi anabaki na saa mkononi. Anabonyeza sasa.)

Mwache pale akiwa peke yake, sekunde tatu au nne, huku mwongozaji akishikilia sura yake. Rehema anarudi. Usoni hatusomi kitu. Anasema, "Sitini na tisa nukta nane." Na Sudi, kwa mara ya kwanza tangu sehemu ianze, anauliza: "Ulikuwa unataka ngapi?" Rehema anajibu, "Sabini. Nilikwambia Jumatatu." Kimya kidogo. "Jumatatu," anasema Sudi, "nilikuwa naongea." Hapo watacheka, na mtu mzima mmoja au wawili kati yao watakuwa wamejiona. Usiongeze kitu. Usimfanye amkumbatie. Mama afunge kazi yake ya kushona, waanze kuondoka, na mazungumzo yageukie ni nani atabeba viti.

Ila kuna pengo la kuziba: kwa nini mtu aliyetamba na saa wiki nzima asahau kuibonyeza? Sababu iwe kubwa na iwe ya kwake. Hii ndiyo nafasi ya kichekesho chako cha viungo vya mwili, na kitamwangukia mtu mzima, kama inavyostahili. Wakati Rehema anaingia kona ya mwisho, Sudi hawezi kujizuia: anaruka kamba, anaingia kwenye nyasi za ndani ya uwanja na kuanza kukimbia sambamba naye akipiga kelele. Anadumu hatua chache, halafu anaachwa. Ndio mara ya kwanza maishani anakimbia kwenye mashindano, na anakimbia upande usio sahihi wa mstari. Kanuni za riadha zinakataza mwanariadha kupata msaada wa mtu aliyemo ndani ya eneo la mashindano. Mwamuzi humwonya mwanariadha kwanza, na likirudiwa humwondoa. Kwa hiyo ujinga wa Sudi una bei, na bei yenyewe inamwangukia mtoto. Mwamuzi anamwendea Rehema, si Sudi, na kumwonyesha kadi ya onyo mbele ya shule nzima. Hapo ndipo tunapomkasirikia Sudi kidogo, na tunahitaji kumkasirikia. Mlezi anayependwa mwanzo hadi mwisho hana pa kwenda.

Kuna watakaokushauri umwondoe Rehema mbioni kwa kuanza kabla ya bastola, wapate machozi. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2010 kwenye mashindano makubwa ya dunia kosa moja la namna hiyo linatosha kukutoa, na Bolt mwenyewe aliondolewa hivyo kwenye fainali ya mita 100 huko Daegu mwaka 2011. Lakini kwa hadithi yako ni njia ya mkato. Inamnyima Rehema mbio zake, na haimdai Sudi chochote.

Nimebakisha la mtayarishaji, na hili ni jepesi kuliko anavyodhani. Mbio za Rehema zina urefu wa sekunde 70. Tamthilia ya dakika 22 inaweza kabisa kuzionyesha kwa muda wake halisi, toka mlio wa bastola mpaka mwisho, bila kukata, na bila kumwonyesha mkimbiaji hata mmoja. Kamera zikae jukwaani. Tengeneza safu tatu za mabenchi studioni, muweke mama, mke wa Sudi, na shemeji yake yule mlevi wa kubishana uliyemtumia vizuri katika sehemu ya pili, kisha wacha macho yao yazunguke uwanja. Tangu *I Love Lucy* ilipoanza mwaka 1951 kupigwa picha kwa kamera tatu za filamu kwa mpigo mbele ya hadhira, komedi ya studio imeishi kwa nyuso zinazotazama kitu tusichokiona. Ukimweka Sudi mwanzoni katikati yao, kisha akatoweka kwenye fremu, tutajua ameruka kamba kwa kumtazama mkewe anavyofumba macho. Baada ya hapo nyuso zinafuata mbio mbili, ya binti na ya mzee, kwa kasi mbili tofauti. Shemeji anatazama kushoto kwa haraka, mke anatazama kulia pole pole. Hakuna uwanja wa kukodi utakaokuletea kicheko kama hicho.

Shemeji ana kazi nyingine kabla ya bastola kulia. Katika mita 400 kila mkimbiaji hubaki kwenye njia yake mzunguko mzima, na kwa kuwa njia za nje ni ndefu zaidi kwenye kona, wanaokimbilia huko huanzia mbele. Katika uwanja wa kawaida, wa njia ya nane huanzia kama mita 53 mbele ya yule wa njia ya kwanza. Mpe Rehema njia ya nane. Shemeji, asiyejua hayo, aone mtoto wetu amesimama mbele ya wote na aanze kushangilia: "Anaongoza! Anaongoza!" huku mbio hazijaanza. Mke wa Sudi amweleze kwa upole. Shemeji afikirie, kisha aulize kwa nini basi wengine hawakuomba kuanzia huko. Kichekesho hicho kinafanya kazi mbili: kinamfundisha mtazamaji jinsi ya kuzisoma mbio kabla hazijaanza, na kinatuambia jambo ambalo Rehema atalibeba peke yake, maana wa njia ya nane hamwoni mpinzani yeyote mpaka kona ya mwisho. Anakimbia na saa yake ya kichwani tu. Ndivyo haja yake ilivyo tangu mwanzo.

Usimtupe Rehema baada ya sehemu hii. Waandishi wa *Ted Lasso*, tamthilia ya kocha wa soka, walimjenga Nate, mtunza jezi aliyepandishwa kuwa kocha, kisha wakatuonyesha katika msimu wa pili jinsi anavyoumia mlezi wake anapogeukia mambo mengine, mpaka anaondoka kwa chuki na kwenda timu nyingine. Sikwambii umfanye Rehema adui. Lakini katika sehemu ya sita na ya saba apite mlangoni na begi lake la mazoezi, hata kwa sentensi moja, ili tujue kwamba timu ya vijiti ipo na Sudi anaulizia.

Mwisho, mwigizaji. Mtafute msichana anayependa kukimbia, si lazima awe na kasi. Ingawa mbio zenyewe hazionekani, mazoezi yanaonekana, na mtoto asiyezoea hukanyaga kisigino kwanza na kurusha mikono pembeni. Jambo hilo haliwezi kufundishwa kwa siku moja. Maonyesho ya kukimbia yapigwe picha asubuhi, apashe misuli kwanza kama mwanariadha wa kweli, na msimrudishie vipande vya kasi zaidi ya mara mbili tatu bila kupumzika, kwa sababu mita 150 za nguvu zilizorudiwa mara nane ni mazoezi mazito hata kwa mtu mzima. Panga kipande anachokimbia vizuri kiwe cha kwanza siku hiyo, na vile anavyotakiwa kuonekana amechoka viwe vya mwisho. Ukimaliza kusahihisha nitumie kuanzia onyesho la pili, pale Rehema anapotaja sabini. Ningependa kuona umeificha wapi.